Mkanda wa Gari la Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Maji tena chini ya gari. Kidimbwi cha ukubwa wa kisahani, upande uleule wa kulia. Mara ya tatu ndani ya wiki moja.

Nimempigia mume wangu huko kazini kwake — mwezi wa pili sasa hayupo. Akauliza maji yanatokea wapi hasa, kisha akasema: mpigie dada.

Dada yake. Wifi yangu. Fundi wa magari, gereji yake mwenyewe. Tangu baba mkwe afariki, miaka minne, tunasalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki. Gari hili alilitengeneza yeye na baba yake, miaka nenda rudi. Wazee wa ukoo wakakaa, wakasema limwendee mtoto wa kiume. Likaja kwetu.

Sitaki kumpigia. Lakini Jumatano ya wiki ijayo Mama, mama yangu mzazi, anapasuliwa jicho. Hospitali iko ng'ambo ya mlima, basi linaishia njia panda, na daktari wa macho anakuja kule mara mbili tu kwa mwaka. Jicho la kushoto lilishazimika. Hili la kulia ndilo tunaloligombania.

Kesho.

Jumanne, 4 Machi

Nimempigia. Nilijiandalia maneno kama mtu anayekwenda kuomba msamaha. Hayakuhitajika. "Usiliwashe tena, wifi. Nakuja."

Akaja na ovaroli, begi la spana, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Gereji wanamwita Daktari. Siku zote nilidhani wanamtania.

Hakukimbilia kufungua chochote. Alilizunguka gari, akainama, akachovya kidole kwenye maji, akanusa. Ndipo akafungua kifuniko cha plastiki ubavuni mwa injini na kumulika tochi.

"Njoo uone. Wewe unashona nguo, utaelewa."

Mkanda mweusi wenye meno, upana wa vidole viwili. Mgongoni umepasukapasuka kama kisigino kikavu. Ukingoni nyuzi zimechomoza. Nyuzi nazijua mimi. Kitambaa kikifika hapo hakishoneki tena, ni cha kupangusia sakafu.

Akanieleza polepole, bila kunifanya mjinga. Huu ndio mkanda wa taimingi. Unafanya sehemu ya juu na ya chini za injini ziende hatua moja. Ukikatika, pistoni zinapanda huku valvu bado ziko chini, zinagongana, injini ndiyo basi. Na hautoi taarifa. Maji yale ni pampu inavuja, na pampu inazungushwa na mkanda huohuo.

"Unapita mlimani na hili?"

Nikasema ndiyo. Wiki iliyopita, kumpeleka Mama vipimo.

 Alizima tochi tu.

Alhamisi, 6 Machi

Jana wifi amelivuta gari mpaka gerejini kwake, akautoa mkanda wa zamani. Leo tumetafuta spea, yeye na mimi, kutwa nzima kwa miguu. Nilifikiri utakuwa kama ununuzi wowote: unataja gari, unapewa, unaondoka. Wapi!

Duka la kwanza kijana mchangamfu akatoa boksi linalong'aa. Orijino kabisa mama, hata mimi gari langu nimefunga hii. Wifi akauliza ni gari gani. Kijana akacheka, akakiri ana pikipiki. Wifi akatoa mkanda, akapitisha kidole gumba juu ya maandishi meupe. Akanionyesha kidole. Orijino yote imehamia kidoleni.

Duka la pili: mkanda mzuri, maandishi hayafutiki, meno sawa. Ila walikuwa wameukunja na kuufunga kwa raba ili uingie kwenye droo. Wifi akaurudisha. Ukikunjwa hivyo nyuzi za ndani zinavunjika, kwa nje huoni kitu.

Duka la tatu nilishaanza kushukuru. Boksi safi, mkanda haujakunjwa, kila kitu sawa. Wifi akavaa miwani, akatafuta tarehe ya kiwandani. Umetengenezwa miaka kumi na moja iliyopita. Mpira unazeeka hata ukiwa umelala, akasema, akauweka mezani taratibu kama anamlaza mtoto.

Miguu inaniuma. Hatuna mkanda.

Ijumaa, 7 Machi

Maduka mengine mawili. Hamna.

Nikakasirika. Nikamwambia tuchukue ule wa jana, wa tatu, mpya kwenye boksi, siku zinakwisha. Nikasema Mama hahitaji mkanda wa maonyesho, anahitaji kufika.

Hakupandisha sauti. "Ungemshonea bibi harusi kwa uzi unaokatika ukiuvuta?"

 Nikatangulia kutembea mpaka kwake. Pale mlangoni ndipo nikasema hapana.

"Basi," akasema, akaingia ndani kuniletea maji ya kunywa.

Jumamosi, 8 Machi

Tumepata!

Duka jembamba kama korido, nyuma ya maduka ya matairi. Mwenyewe mtu mzima, mpole, penseli sikioni. Tulipotaja gari hakugusa rafu. Akauliza mwaka. Akauliza namba ya injini — wifi anayo kichwani. Akasema injini hii walibadilisha katikati: za mwanzo mkanda wa meno ya pembe, za baadaye meno ya mviringo. Yetu ipi?

Wifi akatabasamu. Siku zote hizi sijaona tabasamu hilo. Akatoa mkanda wa zamani kwenye begi, akauweka mbele yake. Mviringo.

Tukahesabu meno. Nilikuwa na chaki yangu ya kushonea mfukoni, nikatia alama jino la kwanza, tukahesabu wote watatu kwa sauti kama watoto wa chekechea. Mia hamsini na tatu. Mpya: mia hamsini na tatu. Tarehe, mwaka jana.

Nilidhani tumemaliza. Kumbe bado kifaa cha kukaza mkanda, yaani tenshena, beringi yake, na pampu. Kufunga mkanda mpya juu ya beringi iliyochoka ni kazi bure, itaukata. Wifi alizungusha kila kimoja karibu na sikio lake, macho amefumba. Beringi nzuri haitakiwi kukimbia kama kichezeo, inatakiwa iwe nzito kidogo, ishike. Tenshena ikapita. Beringi ikapita. Pampu akaitikisa ncha, akatingisha kichwa.

Mwenye duka hakubisha wala kuapa. Aliichukua, akaitikisa mwenyewe, akasema kweli, akaleta nyingine.

Hawakusifiana hata kidogo. Lakini ningependa mtu aniheshimu mimi namna ile.

Jumapili, 9 Machi

Mama ameuliza kama gari limepona. Nimemwambia liko kwa Daktari. Akasema na yeye pia anamsubiri wake.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekaa gerejini toka asubuhi, juu ya ndoo iliyopinduliwa, nashona vifungo huku natazama.

Wifi akatia alama kwa rangi nyeupe, juu na chini. Akafunga pampu, beringi, tenshena, mkanda. Kisha akazungusha injini kwa mkono, kwa spana ndefu, mizunguko miwili kamili, polepole. Akainama kutazama. Chini alama imekaa sawa. Juu imepita.

"Jino moja," akasema.

Nikauliza jino moja kati ya mia na hamsini lina shida gani. Nilisema kwa wema. Alikuwa ameshaanza kulegeza. Saa nzima imekwenda. Akafungua yote, akaanza upya, hana hasira, hana haraka, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Akazungusha tena. Alama zikakutana kama pindo mbili zilizokatwa na mkasi mmoja.

Baba yake alimfundisha hivyo, ananiambia. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Akikosea, baba hagombi, anavuta kiti na kukaa mpaka arudie.

Halafu, bado ameinama, uso ndani ya injini: "Mimi sikulilia gari, wifi. Nililia kwamba hakuna aliyeniuliza."

Mimi nilikuwepo kwenye kikao kile cha wazee. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango, nikipokea vikombe. Sikuuliza.

Nikamwambia hivyo. Nikamwambia nilikuwepo, na sikuuliza.

Akafuta mikono. Akasema washa. Likawaka.

Jumatano, 12 Machi

Naandikia kwenye benchi la hospitali. Mwandiko mbaya, nitaeleza.

Alfajiri wifi alikuwa mlangoni na begi lake. Atakuja nasi mpaka njia panda tu, alisema, alisikilize gari kwenye mwinuko, arudi na basi. Mlima tumeupanda bila kishindo. Mimi naendesha, yeye ameinamisha kichwa anasikiliza, Mama nyuma anatuuliza tumefika wapi. Njia panda nikapunguza mwendo.

"Unasimama kwa nini?" wifi akaniuliza.

Sikusimama.

Mlangoni mwa chumba cha upasuaji Mama alitushika wote wawili. Akamwambia wifi mkono wako unanuka oili. Wifi akaanza kuutoa, samahani Mama. Mama akasema, uache hapohapo.

Zimepita saa mbili na zaidi tangu aingie. Walisema itachukua saa moja. Hakuna aliyetoka kutueleza, na mimi siulizi, naogopa jibu. Wifi amelala. Kichwa kimeangukia bega langu la kulia, ndiyo maana naandika kama kuku anachakura. Wiki nzima hajapumzika. Nikisogea ataamka, kwa hiyo sisogei.

Mlango umefunguka. Muuguzi ametoka, barakoa bado usoni, siwezi kuusoma. Anaangaza macho kwenye mabenchi. Ametaja jina la Mama, anauliza watu wake ni akina nani.

Nimeinua mkono wa wifi pamoja na wangu.