Siku Alizoziacha Wazi Bi Tabu

Jumatatu, 8 Septemba

Chai ya rangi, chapati ya jana. Ofisini kabla ya wote. Tarehe chini ya grafu zimerundikana, hazisomeki. Nimepunguza herufi, nikazilaza mshazari. Zimekaa. Printa ya hapa Kisarawe ina wino mweusi tu, kwa hiyo mstari mwekundu wa kijiji cha Dutumi na ule wa kijani wa Vihingo yote inatoka kijivu. Dutumi nimeupa vidoti. Vihingo mstari mzima.

Mkutano wa mradi wa visima ni Jumatano ya wiki ijayo, Kibaha. Pampu mpya ni moja. Ama Dutumi, ama Vihingo. Wajumbe hawatasoma majedwali yangu ya ndoo za maji zilizotekwa kila siku. Wataangalia grafu.

Naona Kibaha naiandika kama mji wa watu wengine. Nyumba yangu iko kule, imefungwa tangu mke wangu Rehema afariki.

Jumanne, 9 Septemba

Mstari wa Vihingo umekatika. Unakwenda vizuri, unapotea mwishoni mwa Julai, unaibuka katikati ya Agosti. Daftari la kisima lina siku zilizoachwa wazi, nami nilichapa kama lilivyo. Bosi wangu, dada Lilian, amepiga simu kutoka Kibaha. Anasema pengo hilo linaonekana kama uzembe wetu. Anataka grafu isiyo na matundu.

Sikula mchana. Hakuna aliyeuliza.

Jumatano, 10 Septemba

Nimeipata njia. Ndani kabisa kwenye mipangilio. Visanduku vitupu viachwe pengo, vihesabiwe sifuri, au nukta ziunganishwe. Nimechagua kuunganisha. Mstari ukanyooka, safi kabisa. Nikatuma. Lilian akajibu: "Sasa hiyo ndiyo kazi, kaka." Naona aibu kuandika, lakini nimeusoma ujumbe huo mara nne.

Jioni nilitaka kumwonyesha mtu. Chumba kimoja, kiti kimoja.

Ijumaa, 12 Septemba

Bi Tabu, mwangalizi wa kisima cha Vihingo, alikuja mjini kutibiwa goti. Akapita ofisini na papai. Shikamoo, marahaba mwanangu. Huku Kisarawe hakuna mwingine anayeniita hivyo. Nikamwonyesha grafu kwa majigambo. Alipita na kidole taratibu, akasimama Agosti.

"Huu ndio sisi?"

"Ndiyo, bibi."

"Mbona hapa tunateka? Pampu si ilikuwa imekufa? Tulichota bwawani, sisi na ng'ombe."

Nikamuuliza kwa nini hakuandika sifuri. Akanitazama kana kwamba nimesahau maneno yangu. Kwenye semina ya waangalizi wa visima nilisema mimi mwenyewe, mbele ya watu: msiandike msichokiona. Hakuona ndoo, hakuandika. Alitii neno langu siku kumi na tisa, nami nikazifuta zote kwa kubonyeza mara moja, ili nisifiwe.

Papai sijalikata. Najichukia.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimejaza sifuri. Mstari umeanguka hadi chini, ukalala, ukainuka. Mbaya kwa macho. Ndiyo kweli yenyewe.

Lilian nimempigia mara tatu. Alipopokea alisema nakala zimeshachapwa, na kama Vihingo hawakujaza daftari, wamejitakia. Akakata.

Jumatatu, 15 Septemba

Lilian hapokei. Nimeagiza wino wa rangi nichape nakala mpya, hakuna. Bibi yule hajui kitu. Anasubiri pampu.

Jumatano, 17 Septemba

Niliondoka alfajiri, mabasi mawili. Nilifika Kibaha ukumbi ukiwa mtupu. Nakala kumi na nne mezani, mstari wa Vihingo umenyooka kwenye kila moja. Nikatoa rula na kalamu nyekundu. Nikachora upya kwa mkono, moja baada ya nyingine: unashuka, unalala, unapanda. Lilian aliingia nikiwa kwenye ya kumi na moja. Hakuninyang'anya kalamu.

Nilisimama mbele ya wajumbe. Nikasema kosa ni langu, si la bibi, na semina nikaitaja. Mjumbe wa Dutumi aliangalia muda mrefu ule mstari wa kalamu nyekundu. Akasema kwao pampu inasumbua, lakini hawajawahi kukaa siku kumi na tisa bila tone.

Vihingo wamepata.

Lilian alipita mbele yangu mlangoni bila kuaga. Sawa tu. Nikaenda nyumbani kwangu, nikafungua madirisha, nikafagia uwanja. Jirani akauliza habari za siku nyingi. Nikasema nzuri. Huwa nasema nzuri.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimempigia Bi Tabu kumpa habari. Akauliza kama papai lilikuwa tamu. Nikasema tamu sana. Nililitupa Jumapili, limeoza. Hilo nalo naliandika.

Nimerudi nyuma kwenye daftari hili. Baada ya mazishi ya Rehema kurasa zinaruka kutoka Februari hadi Mei. Nilizipita kwa kidole. Mtu akisoma atadhani nilikuwa safarini, au nilikuwa mzima.

Jumapili, 21 Septemba

Nimefua. Nimechemsha kunde. Mvua ilitishia ikapita.

Simu haijalia. Sijazungumza na mtu tangu jana mchana. Rehema angecheka ninavyokunja mashati. Leo ni sifuri. Naandika, nisije nikaiacha siku hii wazi.