Buibui wa Wigo wa Mama

Igurwa, Karagwe
Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Mdogo wangu Adelard,

Shikamoo yako sijaisikia tangu Septemba 2021, lakini naijibu: marahaba. Natumaini huko Kondoa una afya na wanafunzi wako hawakuchoshi. Sisi tuko salama. Mvua imeanza na mibuni imetoa maua.

Habari mpya ni kwamba buibui wako wamerudi. Aliyesema ni shemeji yako Therese, Jumamosi saa moja asubuhi, alipokuwa akianika nguo. Alihesabu kumi na mmoja kwenye wigo wa mama, upande wa jikoni. Nilikwenda kuhakikisha, nikapata tisa. Wote ni wadogo kuliko punje ya ulezi.

Ile lenzi ya kubana kwenye simu uliiacha kabatini kwa mama. Nimeitumia. Nililala kifudifudi juu ya nyasi za kibanja, migomba ikinidondoshea maji mgongoni, nikabana pumzi kama ulivyokuwa ukifanya. Therese alisema mwanamume mwenye mvi akilala hivyo, majirani wataleta machela. Nilipiga picha sitini na nne. Katika tatu tu macho yanaonekana, na hata hizo zina ukungu kidogo. Nimezichapisha leo mjini Kayanga na nimeziweka humu. Mmoja ni wa kijani kibichi, miguu ya mbele mirefu, sikumbuki ulimwitaje. Ungekuwepo ungenitajia jina lake, kisha ungeniambia nikuondolee kivuli changu. Bado navuta tawi kwa kidole kimoja, kama ulivyonifundisha, halafu nangoja uniambie niachie.

Jana baada ya misa Ta Desderius, jirani yetu, aliniuliza kama nimekwisha kukuandikia. Nikasema bado. Akasema ana miaka sabini na sita na hataki kuingia kaburini akiitwa muuaji wa buibui. Alicheka peke yake.

Yanayofuata nayapanga kama habari ya gazeti, ili usidhani nimeficha kipande.

Ilikuwa wiki ya misa ya mwaka wa mama. Ulikuwa umewapiga picha buibui wale kwa miaka miwili, tangu wakiwa mayai, na ulikuwa umebakiza msimu mmoja kukamilisha kazi yako. Jumanne Ta Desderius alipulizia dawa mibuni yake. Alhamisi ukawakuta wako wamekauka kwenye nyuzi zao. Ulisema upepo umeleta dawa ya jirani. Jumamosi, wageni wakiwa wanakula, ulimwambia hutakanyaga tena kwake wala mahali ambapo utaiona sura yake. Jumatatu uliondoka bila kuniaga.

Upepo haukuhusika. Nilipulizia mimi, Jumatano alasiri, ulipokuwa Nyakakika kuwaalika wajomba. Shangazi Adelgunda alisimama penye wigo akauliza kama wageni watapokewa na watu au na utando, na kama sisi wana wa marehemu tumekwisha kuhama. Unajua kwetu utando penye njia ya kuingilia unasema nini juu ya waliobaki: kwamba wameitelekeza nyumba. Niliona haya. Nikaazima bomba la mgongoni kwa Ta Desderius. Dawa iliyosalia ndani ilitosha wigo mzima. Yeye mwenyewe alinifunga mikanda.

Ulipomshtaki alinitazama, akangoja niseme. Nilikuwa nimeshika sinia la ndizi. Nikaenda kuligawa. Naye hakunitaja, siku ile wala miaka hii mitatu. Mimi ambaye kwa miaka ishirini na sita ya uandishi wa habari nimewataka watu waseme walichofanya.

Nilidhani utakasirika wiki moja, kisha nitakueleza. Ukabadilisha namba. Anwani ya shule yako nimeipata mwezi uliopita, kwa hiyo sina tena kisingizio. Buibui siwezi kukulipa, na hawa waliorudi si wale. Lakini Ta Desderius hana kosa, na chuki yako kwake ni yangu mimi. Ihamishie kwangu.

Therese anakusalimu sana. Shangazi anauliza kama umeoa, na kama bado, kwa nini.

Jumamosi tarehe 19 Oktoba, saa nne asubuhi, nitayasema haya kwa mdomo uani kwa Ta Desderius, mbele ya shangazi na watu wa jumuiya yetu. Ta Desderius amesema ukichelewa watakungoja hadi saa sita, ndipo waanze.

Kaka yako,
Elpidius