Mwenye Meli wa Remera

Jumapili, 14 Juni 1992

Misa ya kwanza. Basi kutoka kwangu Remera hadi Kicukiro, kisha kwa miguu hadi Gahanga kwa mama. Goti la kushoto linalalamika. Nilimkuta mama anapura maharage, na amepita miaka themanini.

Saa sita akaja mdogo wangu Vensani na gari la wizara. Tangu awe waziri mwezi wa nne haji na zawadi ndogo. Leo gunia zima la sukari. Majirani walikuja kumwamkia. Yeye ndiye aliyewaletea bomba la maji.

Baada ya chakula alinivuta nyuma ya nyumba. Ana meli. Nilicheka. Nchi yetu haina hata hatua moja ya pwani. Yeye hakucheka. Meli ya mizigo, kuukuu, hubeba chumvi na saruji kutoka Mombasa. Aliinunua zamani, kimyakimya. Sasa magazeti mapya yanachimbua mali za wakubwa. Anataka iwe yangu. Kwenye karatasi tu.

Nilimwambia nitafikiri. Lakini sijawahi kumnyima kitu. Baba alikufa Vensani akiwa na miaka minne. Nimemlea mimi.

Jumatano, 17 Juni

Ofisi ya wakili Mbelgiji, mjini. Nijieleze, maana sielewi jambo mpaka nilieleze. Meli haiendi baharini bila uraia. Uraia huo hununuliwa. Unalipa ada kwa nchi ndogo ya visiwa ambayo meli haitaiona kamwe, nayo inakupa bendera na haikuulizi mengi. Meli ni mali ya kampuni. Kampuni ni jalada katika kabati la mtu huko ng'ambo. Na mwenye kampuni, tangu leo saa nne asubuhi, ni Rwakayiro Apolinari, mwalimu wa jiografia mstaafu, ambaye bahari ameiona kwenye ramani.

Karatasi ya mwisho ndiyo iliyonichoma. Inasema mtia saini hana undugu wa damu wala wa ndoa na Waziri Sebuhoro Vensani. Wakili alitazama majina yetu mawili, akaridhika. Kwao ndugu hushiriki jina. Kwetu kila mtoto hupewa jina lake peke yake, na mgeni hawezi kuuona ukoo kwenye majina. Vensani alilijua hilo vizuri. Alininong'oneza kwa lugha yetu:

"Kaka, hii ni karatasi. Jumapili tutakula kwa mama kama kawaida."

Nikasaini. Mwandiko ulikuwa mzuri, kama wa ubaoni. Hilo linanisikitisha kuliko saini yenyewe.

Alhamisi, 9 Julai

Vensani amenipa picha ya meli. Nyeusi, tumbo limeiva kutu. Naitazama kila siku. Nimefundisha bahari miaka thelathini na moja. Sasa ninayo meli. Ni upuuzi, na ninaupenda.

Nimeitafuta nchi ya bendera katika atlasi. Nukta kama punje ya ulezi.

Veneranda ananicheka. Chumvi ilipokwisha leo aliniita kutoka jikoni: "Mwenye meli! Tuma nahodha wako dukani, maharage yanangoja!" Mke huyu. Nilienda mwenyewe.

Jumanne, 4 Agosti

Gazeti. Nimelisoma mara tatu nikiwa nimesimama.

Meli ilikufa injini nje ya Mombasa. Mabaharia kumi na wanne humo ndani. Bandari haiwezi kuivuta wala kuwashusha watu bila amri ya mwenyewe. Nchi ya bendera haijibu barua. Wanakunywa maji ya tangi lenye kutu. Mmoja, kijana wa miaka ishirini na mitatu, amekufa kwa tumbo. Mwenye meli ni "Rwakayiro fulani wa Kigali, asiyejulikana".

Injini ilikufa mwezi wa tano. Mimi nilisaini mwezi wa sita.

Alijua. Alinipa kitu kilichokwisha kuoza.

Nilipanda Kiyovu nyumbani kwake. Mlinzi wake Damasi, ambaye hunipokea mwavuli kila nikija, alisimama getini akitazama viatu vyake.

"Mzee, unisamehe. Nimeambiwa sikujui."

Jumatatu, 10 Agosti

Kwa mwendesha mashtaka. Vensani alikuwapo, suti ya kijivu. Aliulizwa kama ananifahamu.

"Hapana. Anaonekana kama mwalimu fulani."

Alilisema kwa utulivu. Utulivu huo nilimfundisha mimi.

Nilikuwa nimeazimia kunyamaza. Mtu hamtoi ndugu yake. Kisha nikawaza lile tangi. Nikasema: huyu ni mdogo wangu, baba mmoja, mama mmoja. Meli ni yake. Yeye ana njia ya kuwashusha wale watu leo hii.

Nikaulizwa ushahidi. Vitabu vya vizazi vya komini, serikali yetu ya mtaa, na vya parokia viko kwetu kaskazini, upande wa vita, hakuna afikaye. Veneranda ni mke wangu, hawamsikilizi. Majirani wa Gahanga wanakunywa maji ya bomba lake, hawatasema. Amebaki mama. Watakwenda kwake Ijumaa.

Vensani alipita karibu yangu mlangoni. Marashi yaleyale. Hakugeuka.

Jumatano, 12 Agosti

Veneranda anasema nimtangulie mama, nizungumze naye kabla yao. Nimekataa. Ukweli hauhitaji kufundishwa la kusema. Amenitazama kama mtu anayemtazama mtoto.

Ijumaa, 14 Agosti

Alama za matairi uani kwa mama. Vensani alifika jana jioni.

Mama aliapa kwa Biblia, viganja vyote viwili juu yake. Akaulizwa juu ya Vensani. Nilimzaa, akasema. Akaulizwa juu yangu. Akageuka kunitazama.

"Huyu ndiye aliyemfundisha mwanangu kusoma. Mtu mwema sana. Huja kunisalimu."

Karani akaandika. Majirani walitazama chini, wote.

Sikumpinga. Nani amwite mama yake mwongo mbele ya watu?

Nimeketi nikijaribu kujieleza. Vensani akianguka, ataanguka kutoka juu na hatainuka. Mimi sina pa kuanguka. Nimevumilia tangu utotoni, basi nitavumilia na hili. Hivyo ndivyo mama alivyopima. Mzaliwa wa kwanza ndiye mti unaoegemewa. Nimeelewa kabisa. Kuelewa hakunipi nafuu yoyote.

Jumanne, 18 Agosti

Siku tatu sikula vizuri. Leo alfajiri jambo limenijia, jepesi kama hesabu ya darasa la pili. Ikiwa mimi si ndugu yake, basi meli ni yangu kweli. Mama ameapa.

Nilikwenda kwa mwendesha mashtaka nikaomba kuandika. Mimi, mwenye meli, naiachia bandari waikate wauze chuma, kwa sharti moja: watu washushwe kwanza. Alinisomea mara mbili ili nijue ninachofanya. Alipeleka teleksi mbele yangu.

Jioni akaja Damasi na gari la wizara. "Mzee, waziri anauliza nani kakupa ruhusa ya kugawa meli."

"Mwambie simjui."

Gari lilipoondoka niliona aibu. Ninayo bado. Mtoto huyu nilimvusha mito mgongoni.

Jumamosi, 29 Agosti

Wameshuka. Wote kumi na watatu. Mmoja alibebwa.

Nimemwandikia baba wa yule kijana. Nimechana karatasi mbili. Ya tatu ni fupi: mwanao alikufa kwa sababu hakuna aliyetaka kujulikana kuwa ni mwenye meli. Nimetia jina langu, mwenye meli.

Sijafungwa. Natakiwa kuripoti kila Ijumaa. Nyumba imezuiliwa mpaka shauri liishe. Veneranda ameanza kupanga vyombo kwenye makasha, bila kelele.

Jumapili, 6 Septemba

Nimekwenda Gahanga. Nilikuwa nimekosa Jumapili tatu.

Mama haogopi serikali. Anaogopa kiapo. Alichokisema juu ya Biblia hatakisema kinyume, hata tukiwa wawili. Nilikuwa sijalifikiria hilo mpaka aliposimama mlangoni, akapangusa kiti cha wageni kwa upindo wa kitenge.

"Karibu, Mwalimu."

Siku zote mimi hukaa mkekani, karibu na miguu yake. Nikakaa kitini. Alinipakulia katika sahani ya wageni, maharage na ndizi, akaongeza, akaongeza tena. Nilimaliza yote. Hatukuzungumza juu ya Vensani. Tulizungumza juu ya mvua, kama itawahi.

Nilipoaga, alichukua fimbo yake anisindikize. Kwetu mgeni husindikizwa hadi barabarani, hapo mwenyeji humpa mkono na kurudi. Tulifika barabarani. Mama hakunipa mkono. Alivuka, akaendelea kutembea nami, hatua fupifupi, vumbi likimpanda miguuni, mpaka nilipomwomba arudi.