Kamba ya Mume Wangu Nimeifungia Kwenye Droo

Mpendwa mshauri,

Nilimpoteza mume wangu Jumamosi iliyopita, saa kumi na mbili na robo asubuhi, na nasema mapema kwamba hajafa, yuko hapa dukani nyuma yangu, amekaa kwenye benchi, anasikia kalamu inavyokwenda lakini hajaniuliza naandika nini. Hilo la kutoniuliza ndilo linalonifanya niombe msaada.

Kwanza nijieleze ili usinidhanie mjinga. Nina duka la vifaa vya ujenzi, nilianza na misumari ya kupima kwenye beseni mbele ya nyumba ya watu, leo nina saruji, mabomba, rangi, kufuli na kamba za kila aina, watu wananiita Mama Misumari na sikatai. Mume wangu alikuwa fundi rangi, fundi kweli, siyo hawa wanaopaka juu ya kutu, mpaka presha ya macho ilipomla jicho moja na halafu la pili, huu mwaka wa sita haoni hata mwanga. Tangu hapo jicho lake ni mimi. Nikitembea naye namshika mkono namwambia ngazi, shimo, pikipiki, inama, simama, na katika miaka yote hiyo hajajikwaa mkononi mwangu hata mara moja, muulize mtu yeyote.

Sasa mtu asiyeona akikaa, anakaa kweli. Alikaa, akanenepa, presha ikapanda, ya damu hii, siyo ya macho, nesi wa zahanati akanisomea nambari nikaona hizi ni nambari za mtu wa kuandika wosia. Akasema, "Mama, ugonjwa wa huyu ni kiti. Atembee, akimbie, atoke jasho." Mimi siyo mtu wa kuambiwa mara mbili. Nikanunua baiskeli ya mazoezi, ile isiyokwenda popote, mpya, sikuomba hata punguzo, nikaiweka stoo kati ya saruji na mabomba. Akapanda, akauliza, "Inaelekea wapi?"

"Ukutani."

"Ndiyo maana kuna joto."

Nikamwambia, "Baba, wewe huoni, ukuta na barabara kwako vina tofauti gani?" Sikuwa na ubaya, lilikuwa swali la hesabu. Akaendesha wiki tatu, vumbi la saruji likamwingia kifuani, akaacha. Siku hizi tunaanikia matambara.

Hapo ndipo nesi akaanzisha kundi lake kwenye uwanja wa shule ya msingi, wasioona, wasiosikia, wenye magongo, wenye viti vya magurudumu, asubuhi kabla ya watoto kuingia, yeye katikati na filimbi yake. Asiyeona anakimbia na anayeona, kamba fupi katikati, kila mmoja na kitanzi chake mkononi. Nesi akasema njoo wewe, ndiwe mkewe. Nikamjibu saa hiyo ndiyo mafundi wanapita kuchukua saruji, wakikuta nimefunga wanavuka kwa jirani, na fundi akivuka harudi. Hesabu ilikuwa wazi. Akajitolea Mama Pacha, dobi wa mtaa wa nyuma, ana watoto mapacha na hana mume, miguu ya swala. Nikasema asante. Kamba yenyewe niliitoa mimi, kamba ya kiatu, humu humu dukani. Nasisitiza hilo.

Mshauri, siwezi kusema uongo, mwili ulikubali. Suruali zake nimezipeleka kwa fundi cherehani kupunguzwa, zikapwaya tena nikazirudisha. Presha ilishuka mpaka nesi akapima upya akidhani mashine imekufa. Analala usiku kucha, hakoromi. Nilifurahi, mpaka alipoanza kurudi na habari. Anakaa mezani anasema, "Mwalimu mkuu kapaka geti la bluu." Anasema, "Yule wa kona kapandisha ghorofa, ukuta kauacha bila lipu, aibu." Anasema, "Leo mawingu yamekaa kama pamba iliyochambuliwa." Mawingu! Mimi siku zote namtajia vitu vya kumzuia asivunjike mguu, rangi sijawahi kumtajia, kwani rangi ni kitu cha kumtajia fundi rangi asiyeona? Si ni kumtonesha kidonda?

Aliyemalizia ni wifi yangu. Alikuja kununua kitasa, akaegemea kaunta. "Wifi, kaka yangu kafungwa kamba na mwanamke asiye na mume, na wewe unapima misumari?"

"Ni mazoezi, wifi."

"Hata wangu alianza na mazoezi." Kitasa akakirudisha, akasema alikuwa anapita tu.

Basi Jumamosi nikafunga duka asubuhi, jambo ambalo sikulifanya hata siku ya kumzika mama, maana tulizika alasiri. Nikasimama kwenye kona ya shule, nyuma ya nguzo ya umeme. Wakatoka getini wanakimbia, mikono inakwenda pamoja, wa huyu ukienda mbele na wa yule umeshafika, na mimi nimeishi na huyu mtu miaka ishirini na mbili hatujawahi kubeba hata ndoo kwa mwendo mmoja. Nikasikia kila kitu.

"Kushoto kidogo, Fundi. Hapo hapo. Kuna ukuta mpya."

"Rangi gani?"

"Kijani."

"Kijani kipi?"

"Kijani tu!"

"Mama Pacha, hakuna kijani tu duniani. Cha jani la mgomba au cha chupa?"

"Cha chupa. Chupa iliyosahauliwa juani."

"Aa! Wamezidisha maji hao!"

Wakacheka, wote wawili, huku wanakimbia, pumzi sijui wanaitoa wapi. Hajacheka hivyo tangu macho yalipozima. Wakanipita karibu kiasi cha kunusa sabuni ya yule dobi, na Mama Pacha hakunitaja maana hakuniona, na mume wangu akanipita mimi, jicho lake, kama anavyopita nguzo.

Aliporudi nikaivua kamba mkononi mwake nikaifungia kwenye droo ya pesa. Akasikia ufunguo.

"Umeichukua?"

"Nimeichukua."

"Haya."

Akaenda kwenye benchi na hapo ndipo alipo. Duka hili lina kamba za katani, za nailoni, za manila, zote ziko rafu ya chini na rafu anaijua kwa vidole, angeweza kukata yoyote akaenda zake. Jana nikamwambia hivyo hivyo. Akasema, "Ulichochukua wewe utarudisha wewe, mama. Mimi siyo mwizi wa kuiba dukani kwa mke wangu."

Jumamosi hii zahanati ina mbio za kilomita tano kwa kundi zima, na yeye kaandikishwa pamoja na Mama Pacha. Nesi alipita jana akampima, presha imeanza kupanda. Nikasema ni chumvi. Akaiandika nambari kwenye daftari lake akaondoka.

Mimi nimeilisha nyumba hii kwa mikono yangu, sijamnyima huyu mtu kitu, sijamwacha ajikwae, leo mimi ndiye mbaya. Barua hii naileta mwenyewe hapo gazetini kwa sababu posta siiamini. Sitaki methali, sitaki kuambiwa ndoa ni kuvumiliana. Nijibu kwa neno moja, nirudishe kamba au nisirudishe? Mnatoka Alhamisi. Nataka jibu mkononi kabla ya Ijumaa saa kumi na mbili jioni, saa ninayofunga duka, baada ya hapo mtakuwa mmenijibu bure.

Mama Misumari

*

Mama Misumari,

Rudisha.

Hilo ndilo neno lako moja. Lakini ukurasa huu una nafasi zaidi ya neno moja, kwa hiyo vuta kiti.

Kwanza pole, na siisemi kwa desturi. Mume alipozimikiwa na macho wewe ulibaki na duka, jiko, hospitali na njia nzima ya kumwonya asianguke, na sidhani kama kuna aliyekuja kukuuliza wewe umelala vipi. Mtu akibeba hivyo kwa muda mrefu, akiona mzigo umeanza kutembea wenyewe hushtuka. Naelewa. Ila mume siyo mzigo, na hapo ndipo tunapoanza kugombana.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikitafuta kosa la Mama Pacha. Sikuliona. Wapenzi wanaojificha hawachagui uwanja wa shule, kumekucha, mbele ya nesi mwenye filimbi, halafu wakafungana kamba. Na hata wangechagua, wasingejadili rangi iliyozidishwa maji. Wifi yako hakuja kununua kitasa, alikuja kukuachia kidonda cha ndoa yake. Akija tena mpe kitasa, umwambie kundi linaanza saa kumi na mbili asubuhi.

Sasa ile baiskeli. Ulitoa pesa nzuri kwa nia nzuri, kisha ukamweka mtu mzima akimbize ukuta kwenye vumbi la saruji. Wewe unayeona ungeendesha siku ngapi? Asiyeona anataka anachotaka kila mwenye mwili: upepo usoni, udongo unaobadilika chini ya kiatu, mtu wa kubishana naye, mahali pa kufika na habari ya kurudi nayo. Mazoezi siyo dawa ya kunyweshwa mtu kwa kubanwa pua. Nimejibu barua nyingi za watu wenye ulemavu na za jamaa zao, na nakwambia wazi: wengi hawaangushwi na ulemavu, wanaangushwa na kukalishwa, na wanaowakalisha ni sisi tunaowapenda, tumesimama pembeni na mto wa kuwawekea mgongoni. Benchi lako ni kile kile kiti alichokisema nesi, na siku chache tu zimetosha kuipandisha presha. Usiisingizie chumvi. Ila chumvi nayo ipunguze.

Umesema kumtajia rangi ni kumtonesha. Nani alikwambia? Ulimuuliza? Miaka sita, mama, unalala na fundi rangi, unauza rangi, makopo yamejaa rafu nzima, na hukuwahi kumwambia hata kopo moja limefanana na nini. Macho yake yalizima. Ufundi wake haukuzima, ulikuwa unangoja mtu wa kuuuliza swali. Mama Pacha hakumpa kitu kikubwa. Alimwambia kilichopo, akakubali kusahihishwa.

Kwa hiyo leo hii, ukishasoma hapa, fungua droo. Usiiache kamba kwenye kaunta kana kwamba imejirudisha yenyewe. Itie mkononi mwake na useme umekosea, kwa sauti, hata kama kuna mteja. Kisha nenda kwa Mama Pacha kwa miguu yako, usitume mtu, umwambie Jumamosi iko pale pale. Wala usijitie kuchukua nafasi yake kwenye hizo mbio. Anayeongoza lazima awe na pumzi kuliko anayeongozwa, na wewe pumzi zako zote ziko nyuma ya kaunta. Utamwangusha kabla ya kilomita ya kwanza. Jumamosi funga duka, simama mahali atakaposikia sauti yako, umwite. Mafundi wakivuka barabara, wacha wavuke. Kuanzia wiki ijayo, ukifunga jioni, tembeeni pamoja mzunguko mmoja wa mtaa. Shimo mtajie, lakini usiishie kwenye shimo. Ukikosea rangi atakurekebisha, na utaona anavyofurahi kukurekebisha.

Limebaki jambo moja ambalo hukuliandika. Unaogopa kwamba mtu asiyehitaji mkono wako hatahitaji nyumba yako. Hilo mimi siwezi kukujibu, wala nesi, wala wifi. Yupo nyuma yako. Geuka umuulize, "Baba, ukiweza kwenda popote bila mimi, utarudi?" Akikujibu "haya", mkatalie. Mdai ndiyo au hapana, kwa mdomo wake, kabla ya filimbi ya Jumamosi. Kudai unajua.