Mji Umeng'aa, Baba Haoni Geti

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na nikuambie mapema kwamba mimi si mtu wa kuomba msaada ovyo, mimi ndiye Fundi Msasa, nimepaka rangi hoteli, benki, hadi bafu la balozi mmoja ambaye alinishika mkono kabla hata hajakausha wake, shule niliachana nayo mapema lakini dunia nimeizunguka na ndoo yangu, na sasa mji wetu umetangazwa redioni kuwa mji safi kuliko yote nchini, na mtaa uliowakosha waamuzi ni wetu, kuta krimu, mageti bluu, mkono ni wangu kuanzia nyumba ya kwanza hadi ya mwisho, hakuna tone lililochuruzika, ukipita utadhani mtaa umetoka kunyolewa.

Raha yangu ingekamilika kama si baba. Baba alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, siku hizi macho yamefifia, lakini kila asubuhi alikwenda mwenyewe kwa kinyozi kubishana habari za redio na kurudi mwenyewe, sisi tukadhani bado anaona kidogo, kumbe alikuwa anaendesha kwa pua, likinuka jalala la pale kona anakata kushoto, ukinuka mtaro anajua geti ndilo hili. Sasa jalala limeondolewa, mtaro umefunikwa, na mimi nilisimama pale nikishangilia. Baba akapitiliza, akaingia kwa jirani yetu, mama mshonaji, akavua viatu, akakaa, akaagiza chai. Mama wa watu akampa, akamuuliza, "Mzee wangu, umekuja kuniposa au umepotea?" Baba akamjibu, "Kwangu nipotee vipi? Na sukari umeweka kidogo." Mtaa mzima tulicheka, na mimi nilicheka kuliko wote, mpaka alipoelewa yuko wapi, akainama kupapasa viatu vyake sakafuni.

Safari iliyofuata tulimkuta barabara kuu, katikati ya magari. Mke wangu akatia kufuli getini. Baba akaniita, akasema, "Nimevusha malori kwenye mipaka ya nchi za watu, leo mwanangu unanifungia kama kuku?" Tangu hapo yuko chumbani, amepakata usukani wa lori lake la mwisho, zawadi ya kustaafu, na haniongeleshi. Nataka geti letu nilipake jekundu alitambue, lakini mwenyekiti wa mtaa anasema wageni wa serikali wanakuja kuweka bango la ushindi, geti moja likiwa tofauti tutaonekana wahuni, na kibaya zaidi kanuni ya mageti yote kuwa bluu niliipendekeza mimi mwenyewe nikapigiwa makofi. Mshauri, nishike mtaa au nishike baba?

Ni mimi Fundi Msasa, yule wa bafu la balozi.

Mshauri anajibu

Fundi Msasa, hongera. Tangazo lile nililisikia nikiwa jikoni, nikapiga vigelegele peke yangu, kwa hiyo sifa zako sikunyimi. Sasa nyamaza kidogo unisikilize.

Mzee macho yamefifia, nawe unataka kumpakia geti rangi nyekundu. Ili alilambe? Kwako kila ugonjwa dawa yake ni kopo la rangi. Na mkeo usimlaumu, yeye aliogopa magari wakati wewe ulikuwa bado unacheka.

Kufuli litoke leo. Ingia chumbani kwa baba, kaa chini, umwombe radhi, na habari za balozi uziache mlangoni. Baba yako hajapotewa na akili, ameondolewa alama zake za barabarani, tena na mwanawe. Mrudishie. Pale lilipokuwa jalala panda mrehani na mchaichai, vichaka vinene vya kumgusa mguu anapopita, anuse, akate kona. Mwenyekiti akikataa mimea, mwambie aniandikie mimi.

Kisha mwombe usukani ule. Ni wake, kwa hiyo akikataa ondoka kwa adabu. Akikubali, ufunge kwenye geti kwa bolti, usawa wa kifua chake, uupake bluu ileile, kanuni yako isiguswe. Mikono yake ikiugusa haitauliza hapa ni kwa nani. Halafu tembea naye kwenda kwa kinyozi na kurudi, yeye mbele, wewe nyuma na mdomo umefungwa, kila asubuhi, hadi siku atakapokugeukia akwambie, "Wewe huna kazi?" Hapo ujue amepona, na wewe pia.

Wageni wakija na bango lao, waanzie kwa kinyozi, na wa kuwaongoza hadi getini awe mzee. Miji yenye kuta nzuri wameiona mingi. Mtaa ambao dereva mstaafu anaupita kwa pua hawajauona, na ukijisifia mtaa huo hata mimi nitakuitikia.

Na mama mshonaji mpelekee sukari.