Boriti ya Ukumbini

Mwanakuu,

Ukirudi sokoni usiketi ukumbini. Asubuhi vumbi la mchwa limeanguka ndani ya kikombe changu cha chai. Nikaigonga boriti kwa mchi, ikalia kama debe tupu.

Mtoe nyanyako kwenye kitanda chake cha ukumbini, na mtembee polepole. Mimi amenifukuza, wewe atakusikia. Juu asipande mtu, dari yote yaegemea boriti hiyo. Wanawake wa maulidi watandikie mikeka uani.

Nimekwenda Kuze kumwita fundi Jamaldin aje na nguzo za kuitegemeza. ~~Makosa ni yake.~~ Ule ufa wa boriti alinionyesha kabla ya Idi. Ni mimi niliyemwambia apake chokaa, wageni wasiuone.

Mamako