Miche ya Manjano ya Bibi wa Toongabbie

Toongabbie, Sydney
Julai 2014

Mama yangu mpendwa,

Natumaini magoti yametulia na baridi ya Wundanyi haijakulaza kitandani. Sisi hatujambo. Mkweo Mwakio bado yuko kwenye lile ghala la Minto. Mimba nayo haijambo. Imeshapita pale zilipoharibika zile mbili, na mtoto anarusha mateke kama anayedai haki yake.

Sasa nikupe kichekesho. Yule bibi wa Kihindi ninayemtunza anatoka milimani, kwenye mashamba ya matuta kama yetu. Kwao, msimu wa mvua ukiingia, wana sikukuu yao. Hupanda shayiri, ngano na mahindi kwenye kikapu chenye udongo, halafu hukificha gizani karibu na miungu yao. Siku yenyewe ikifika, mkubwa wa nyumba huikata miche akawawekea watoto kichwani, akiwaombea. Ikirefuka vizuri, mwaka ni wa heri. Safari hii bibi aliniambia, "Nampandia huyo uliyembeba."

Wanijua mimi. Nilichungulia nikaona miche imepauka, ya manjano, myembamba. Binti yako aache mmea ufe? Kila bibi alipojilaza mchana, nikawa nakipeleka kikapu dirishani kipate jua, kisha nakirudisha gizani kabla hajaamka. Miche ikawa kijani kibichi, nami nikajisifu kimoyomoyo.

Siku ya kukata, bibi alifunua kikapu akashika mdomo.

"Nani kakitoa? Inatakiwa iwe ya manjano! Jua halitakiwi kuiona!"

Mama, nilikiri palepale kwamba ni mimi. Mimi mtu wa kanisa, lakini nilihisi nimemletea mwanangu mkosi kwa mikono yangu mwenyewe.

Bibi akanitazama, akacheka mpaka akakohoa. "Kweli umelelewa shambani," akasema. Akaikata hivyo hivyo, akaniwekea kichwani, na mkono wake ukabaki pale. Nililia kwa sauti. Tangu uniombee uwanja wa ndege, hakuna mzazi aliyenishika kichwa.

"Nani atakukanda ukijifungua?" akaniuliza.

"Mama yangu," nikajibu bila kufikiri.

Najua nilikukataza usije, nikasema tutajiweza. Tutajiweza, ndiyo, lakini sitaki.

Msalimie baba, kaka Mwadime atakayebaki na ng'ombe, na shangazi Mkawasi wa kwaya. Ila habari za kikapu usimpe, atazifikisha kwa mchungaji kabla hujamaliza chai.

Nimeshamwambia bibi unakuja. Usinifanye mwongo, mama.

Ni mimi mwanao,
Wakesho